Kina Kutoka Wapi? Viwango Huria vya Data katika Boti za Starehe

Boti ya starehe ya siku hizi, hata ile ya urefu wa mita kumi tu ambayo familia huitumia kwa matembezi ya mwisho wa juma, hubeba vifaa ambavyo zamani vilikuwa vya meli kubwa peke yake. Humo hukutwa kipokezi cha GPS kinachoonyesha mahali chombo kilipo, kipimakina kinachotuma mlio hadi sakafu ya bahari na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi, kipimaupepo kilichofungwa kileleni mwa mlingoti, dira ya kielektroniki, vipimo vya injini na betri, redio, na usukani wa kujiendesha unaoshika mwelekeo wakati nahodha anaposhughulika na matanga. Kila kimoja kati ya vifaa hivi kinajua jambo moja tu, ilhali uamuzi wa nahodha hutegemea mambo yote kwa pamoja: usukani hauwezi kushika njia bila habari za dira, na ramani ya kwenye skrini haina faida ikiwa haijulishwi chombo kiko wapi. Ndiyo maana vifaa hupashana habari kwa waya au kwa mawimbi ya redio, na makubaliano ya namna ya kupashana habari hizo huitwa viwango vya data. Makubaliano hayo yanapowekwa hadharani, ili mtu yeyote ayasome, ayatumie na aunde kifaa au programu juu yake bila kuomba ruhusa, huitwa viwango huria.

Chimbuko la viwango vingi vya data za botini liko Marekani, kwenye chama cha wafanyabiashara na mafundi wa elektroniki za baharini kilichoanzishwa mwaka 1957 na kujulikana kwa kifupi chake, NMEA. Baada ya viwango viwili vya awali, 0180 na 0182, ambavyo kazi yao kubwa ilikuwa kuunganisha vipokezi vya Loran, mfumo wa zamani wa kutafuta mahali kwa redio, na usukani wa kujiendesha, mwaka 1983 chama hicho kilitoa kiwango cha NMEA 0183, ambacho kingali kinatumika duniani kote baada ya miaka zaidi ya 40. Uhai wake mrefu unatokana na wepesi wake. Kifaa kimoja husema na vingine husikiliza, na kinachosemwa ni mstari wa maandishi ya kawaida usiozidi herufi 82, unaoitwa sentensi. Sentensi ya kipimakina huwa hivi:

$SDDBT,12.2,f,3.72,M,2.03,F*30

Alama ya dola hutangaza mwanzo wa sentensi; herufi mbili za SD humtambulisha msemaji kuwa ni kipimakina; herufi tatu za DBT hueleza kwamba habari inayofuata ni kina cha maji chini ya kihisi, yaani kile kifaa kidogo cha chini ya boti kinachotuma mlio na kupokea mwangwi. Kisha kina hicho hicho hutajwa mara tatu, kwa futi, kwa mita na kwa pima, na baada ya nyota hufuata tarakimu mbili za ukaguzi, zinazopatikana kwa kukokotoa herufi zote zilizo kati ya alama ya dola na nyota. Msikilizaji hurudia hesabu hiyo, na akipata jibu tofauti huitupa sentensi nzima, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba imeharibika njiani. Mtu mwenye kompyuta na waya ufaao anaweza kuyasoma maandishi haya kwa macho yake, bila programu yoyote maalumu, na fundi anayetafuta hitilafu huona mara moja kama kifaa kinasema au kimenyamaza.

Udhaifu wake pia uko wazi. Kasi ya kawaida ya waya huo ni biti 4,800 kwa sekunde, ambayo ni sawa na herufi 480 tu, kwa hiyo sentensi ndefu zisizofika sita huujaza waya kwa sekunde nzima. Tena, kwa kuwa msemaji ni mmoja katika kila waya, boti yenye vifaa kumi hugeuka kuwa msitu wa nyaya na visanduku vya kuchanganya data. Kasoro nyingine ilikuwa ya kisheria. Hati ya kiwango iliuzwa, na chama kililinda hakimiliki yake, ingawa sentensi zenyewe zilikuwa maandishi yanayosomeka na kila mtu. Watu waliounda programu huria, wakiwamo wa mradi wa gpsd unaosoma data za GPS katika kompyuta za aina nyingi, walikusanya maelezo ya sentensi hizo kutoka katika vijitabu vya watengenezaji na kwa kuchunguza vifaa vyenyewe, kisha wakayachapisha bure. Kwa njia hiyo kiwango ambacho hakikuwa huria kwa karatasi kilikuwa huria kwa matumizi, na huenda hilo lilichangia kukifanya kienee hata katika vipokezi vidogo vya GPS visivyowahi kufika baharini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chama hicho kilileta kiwango kipya, NMEA 2000, ambacho kilijengwa juu ya mfumo wa CAN uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutangazwa mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Badala ya kila kifaa kuwa na waya wake, waya mmoja mkuu hulazwa kutoka omo hadi tezi, ukifungwa kila mwisho kwa kizuizi cha umeme cha omu 120, na vifaa vyote hutundikwa juu yake kwa matawi mafupi yasiyozidi mita 6. Kila kifaa husema na kila kifaa husikiliza. Vifaa viwili vikianza kusema kwa wakati mmoja, ujumbe wenye nambari ndogo ya utambulisho, yaani wenye umuhimu mkubwa zaidi, huendelea bila kukatika, na mwingine husubiri zamu yake. Kasi ni biti 250,000 kwa sekunde, zaidi ya mara 50 ya ile ya zamani. Kwa upande wa uhandisi hii ni kazi nzuri, nayo imepunguza mno nyaya na makosa ya mafundi.

Hata hivyo ujumbe wa NMEA 2000 si maandishi tena. Ni mfululizo wa biti zilizobanwa, na maana yake haijulikani ila kwa mwenye kamusi, ambayo chama huiuza kwa bei inayomlemea fundi wa kujitegemea au mwanafunzi, tena kwa sharti la kutoitangaza. Mwenye boti, aliyenunua kipimakina, dira na waya kwa fedha zake, alijikuta hana haki ya kusoma kwa kompyuta yake mwenyewe kile ambacho vifaa vyake vinaambizana. Jibu la watumiaji lilikuwa kusikiliza waya na kubahatisha maana: kubadili kitu kimoja, kwa mfano mwendo wa injini, kutazama ni biti zipi zilizobadilika, kisha kuandika walichokiona. Mradi wa CANboat umekusanya matokeo ya kazi hii ya subira katika orodha inayopatikana bure, ambayo inajumuisha hata baadhi ya jumbe za siri ambazo kampuni huzitumia baina ya vifaa vyao wenyewe. Inafaa kukumbukwa kwamba kazi hii haikuvunja kufuli lolote, kwa kuwa jumbe hizo hazikufichwa kwa msimbo. Zilikosa maelezo tu.

Ni katika mazingira hayo ambapo, katika miaka ya 2010, kundi la mabaharia waliokuwa pia waandishi wa programu lilianza kutunga kiwango cha Signal K. Hiki hakishindani na waya. Huziacha nyaya za zamani na mpya mahali pake, huzikusanya data zake zote katika kompyuta moja iitwayo seva, na kuzitoa upya kwa lugha ile ile inayotumiwa na tovuti za kawaida, yaani maandishi ya muundo wa JSON, ambamo kila thamani huandamana na jina lake, yakisafirishwa kwa itifaki za intaneti. Hati zake zinasomwa bure na mtu yeyote, programu yake ya seva ni huria, na anayetaka jambo jipya liongezwe hulipendekeza mbele ya wote. Mara nyingi sifa inayotajwa kwanza ni kwamba mwenye simu janja anaweza kutazama upepo na kina kwa kivinjari cha kawaida. Sifa hiyo ni ya kweli lakini ni ndogo. Mchango mkubwa wa Signal K ni kulazimisha kila data iseme maana yake kikamilifu, na hapo ndipo penye kiini cha suala zima la viwango.

Mfano wa kina cha maji unatosha kulieleza jambo hili. Ile sentensi iliyonukuliwa hapo juu inasema mita 3.72, lakini mita 3.72 kutoka wapi? Tuseme kihisi kimefungwa nusu mita chini ya usawa wa maji, na mkuku wa boti umeshuka mita 1.8. Kina kutoka juu ya maji ni mita 4.22, kina chini ya kihisi ni mita 3.72, na nafasi iliyobaki kati ya mkuku na mwamba ni mita 2.42 tu. Namba zote tatu ni za kweli, na zote huitwa kina. Katika NMEA 0183 ipo sentensi nyingine, DPT, inayobeba kina chini ya kihisi pamoja na namba ya marekebisho: namba hiyo ikiwa chanya ni umbali kutoka kwenye kihisi hadi juu ya maji, na ikiwa hasi ni umbali hadi mkukuni. Fundi akisahau kuiweka, au akiiweka kwa alama isiyo yake, skrini mbili za boti moja huonyesha kina tofauti bila yoyote kukiri kosa, na nahodha anayepita juu ya matumbawe hubaki na imani isiyo na msingi. Mara nyingi marekebisho hayo huwekwa ndani ya skrini, si ndani ya kihisi, kwa hiyo data inayosafiri kwenye waya haina habari nayo kabisa.

Signal K haikubali kina kisicho na mahali pa kuanzia. Kuna jina la kina kutoka juu ya maji, jina la kina chini ya kihisi, na jina la kina chini ya mkuku. Programu inayoomba kina haina budi kuomba kimojawapo. Pepo nazo zimegawanywa vivyo hivyo: upepo unaohisiwa na chombo kinachokwenda, ambao huchanganya upepo halisi na mwendo wa chombo chenyewe, una jina lake, upepo halisi ukilinganishwa na maji una lake, na ule unaolinganishwa na ardhi una lake, kwa sababu palipo na mkondo wa bahari pepo hizi mbili za mwisho hazilingani. Mwelekeo wa sumaku na mwelekeo wa kaskazini halisi haichanganywi, wala kasi ndani ya maji haichanganywi na kasi juu ya ardhi.

Vipimo ni vya kimataifa tupu: mita, mita kwa sekunde, paskali, kelvini kwa joto na radiani kwa pembe. Baharia anayeziona data hizo kwa mara ya kwanza hushangaa kuambiwa kwamba maji ya nyuzi 28 ni 301.15, au kwamba mashariki ni 1.5708, na mshangao wake una haki. Lakini namba hizo hazikukusudiwa kusomwa na binadamu. Skrini ndiyo yenye jukumu la kuzigeuza kuwa noti, nyuzi au futi kwa kadiri ya mazoea ya msomaji, ilhali ndani ya mfumo hapabaki nafasi ya mtu kudhani kuwa futi ni mita. Isitoshe, kila thamani hubeba jina la kifaa kilichoitoa na saa iliyotolewa. Boti yenye vipokezi viwili vya GPS huhifadhi habari za vyote viwili, na nahodha huchagua kipi kiaminiwe kwanza. Thamani iliyokwama tangu dakika tano zilizopita haiwezi kujifanya mpya.

Gharama ya kujenga mfumo kama huu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Seva huendeshwa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambayo hutumia wati chache tu na kulishwa na betri ya boti kupitia kipunguza umeme. Kwa vipimo vya ziada, kama vile joto la injini au kiasi cha maji katika tangi, hutumika vidude vya ESP32 vinavyouzwa kwa dola chache, na ipo maktaba ya programu huria iitwayo SensESP inayoviwezesha kutuma data kwa seva kwa Wi-Fi ya chomboni. Hakuna sehemu yoyote ya mpango huu inayohitaji intaneti, jambo la maana kwa chombo kinachotumia siku nzima nje ya eneo la mnara wa simu. Fundi wa bandari kama Tanga au Kilifi, ambaye huletewa boti zilizofungwa vifaa vya kampuni tatu au nne za nchi tofauti, ana sababu nyingi zaidi ya fundi wa Ulaya za kupenda kiwango ambacho anaweza kukisoma mwenyewe, kwa kuwa wakala wa kampuni hizo hayuko mtaa wa pili.

Wanaopinga uwazi husema kwamba usalama wa baharini hautaki mambo ya kujitolea, na kwamba hati ikitolewa bure ubora hushuka. Historia ya AIS inaijibu hoja hiyo. AIS ni mfumo wa redio ambao kwao chombo hutangaza utambulisho wake, mahali kilipo, mwelekeo na kasi, ili vyombo vingine vikione na kujiepusha na mgongano. Tangu mwaka 2004 ni lazima kwa meli zote za abiria, na kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa. Maelezo yake ya kiufundi yamo katika pendekezo la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ambalo husomwa bure na yeyote. Hakuna aliyeona kwamba uwazi huo umeuharibu. Kinyume chake, umezaa vipokezi vya bei nafuu, vituo vya kujitolea vya pwani na programu huria za ramani kama OpenCPN, ambazo huwasaidia hata wenye boti ndogo zisizolazimishwa na sheria yoyote kubeba AIS.

Uwazi wa data una faida nyingine inayovuka mipaka ya boti moja. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari haijapimwa kwa vifaa vya kisasa. Mradi wa Seabed 2030, ulioanzishwa mwaka 2017 na taasisi ya Nippon Foundation ya Japani pamoja na GEBCO, mpango wa kimataifa wa kuchora ramani za sakafu ya bahari, umefikia kiasi cha robo moja tu ya sakafu hiyo. Shirika la Kimataifa la Hidrografia, lenye makao yake Monaco, hupokea vipimo vya kina kutoka kwa vyombo vya kawaida, zikiwamo boti za starehe, na kuvihifadhi katika kituo cha data kilichoko Boulder, Marekani. Pwani ya Afrika ya Mashariki inajua thamani ya kazi hii. Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliipima katika miaka ya 1820 kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba na kutoswa majini, na matumbawe na mafungu ya mchanga hayakai yalivyo kwa miaka mia mbili. Hata hivyo kipimo cha boti hakifai kitu kwa mchora ramani ikiwa haijulikani kimeanzia wapi na kimechukuliwa saa ngapi, kwa kuwa wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hukaribia mita 4. Kina kisicho na saa, katika bahari ya namna hiyo, ni uvumi.

Hatari nazo zipo, na watetezi wa uwazi huzipitia haraka kuliko inavyostahili. NMEA 0183 na NMEA 2000 hazina njia ya kuhakikisha kwamba msemaji ni yule anayejidai kuwa. Zilitungwa kwa waya uliofungiwa ndani ya chombo. Mara waya huo unapounganishwa na Wi-Fi, jirani wa gatini anaweza kusoma kila kitu, na seva isiyowekewa nywila inaweza hata kupokea amri ya kugeuza usukani wa kujiendesha. Seva ya Signal K ina ulinzi wa nywila na ruhusa, lakini ulinzi huo hautoi faida kwa mmiliki asiyeuwasha. Busara ni kuiruhusu seva isome tu, na kuyaacha maamuzi ya usukani na kengele za hatari kwenye vifaa vilivyoidhinishwa, vilivyounganishwa moja kwa moja kwa waya vyenyewe kwa vyenyewe, ili kompyuta ndogo ikizimika chombo kiendelee na safari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Biashara imeanza kuitikia, ingawa kwa hatua zisizolingana. Digital Yacht ya Uingereza iliuza mapema kifaa cha kugeuza data za NMEA kuwa Signal K, na Victron Energy ya Uholanzi, mtengenezaji wa vifaa vya umeme na betri, imeiweka seva ya Signal K ndani ya toleo kubwa la mfumo wake wa Venus OS. NMEA yenyewe ilichapisha mwaka 2020 kiwango cha OneNet, ambacho hupitisha jumbe za NMEA 2000 kwenye mtandao wa Ethernet kwa kasi kubwa na ulinzi bora, lakini kwa kamusi ile ile inayonunuliwa. Kwa kipimo hicho OneNet ni maendeleo ya waya, si ya uwazi, na mnunuzi asiyaone mambo hayo mawili kuwa ni kitu kimoja.

Anayetaka kununua kipimakina au kipimaupepo hivi leo na amuulize muuzaji kama data zake hutoka kwa sentensi za NMEA 0183 au kwa jumbe za kawaida za NMEA 2000, au kwa lugha ya kampuni peke yake. Na baada ya kufunga kifaa aandike kwenye daftari la chombo umbali kutoka kwenye kihisi hadi juu ya maji na hadi mkukuni. Vyuo vya ubaharia vya pwani hii, Chuo cha Bahari Dar es Salaam na Bandari Maritime Academy cha Mombasa, vinaweza kuanza kulifundisha somo hili bila kungoja bajeti kubwa: hati za Signal K na orodha ya CANboat hupatikana bure, na mazoezi ya kwanza hayadai zaidi ya kompyuta ndogo moja, kipimakina kimoja na ndoo ya maji.